Somo la 12: Kambarage wa Butiama, Baba wa Nyumba

Katika masomo yaliyopita umejifunza kuandika jina lako, kuandika barua, na kusoma mizani wakati wa kuuza pamba. Leo tutajifunza kazi nyingine. Tutajifunza kuandika wasifu wa mtu. Wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu. Umeusikia mara nyingi msibani. Kabla ya kwenda kuzika, mmoja wa ndugu husimama akiwa na karatasi. Husoma kwamba marehemu alizaliwa mwaka fulani, alisoma mahali fulani, alioa, alipata watoto kadhaa, aliugua, akafariki. Kisha karatasi hukunjwa na kutiwa mfukoni.

Baba yangu alipofariki, karatasi hiyo niliishika mimi. Wazee wa ukoo wetu hapa Bunda walisema, "Wewe ndiye mwenye cheti, wewe andika." Niliandika nusu ukurasa. Tarehe zote zilikuwa sawasawa. Jioni tulipokuwa tumeketi penye moto, shangazi yangu aliniita. Shangazi hajui kusoma. Aliniambia, "Mwanangu, miaka umeisoma vizuri. Lakini kaka yangu mwenyewe sikumsikia."

Nilinyamaza. Alikuwa amesema kweli. Sikuandika kwamba baba alikuwa akiamka kabla ya jogoo, anapiga magoti kando ya kitanda, halafu anakwenda kukamua. Sikuandika kwamba mwaka wa njaa alikuwa akinawa mikono na kusema ameshiba, wakati sisi watoto hatujashiba. Hayo yote nilikuwa nayajua. Sikujua tu kwamba ni mambo ya kuandikwa.

Kwa hiyo leo tutayatazama maisha ya mtu ambaye kila mtu katika Mkoa wa Mara husema anamjua. Huyo ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Lakini hatutamsoma kama Rais. Habari za Rais zimo katika vitabu vingi. Tutamsoma kama mtoto wa mama yake, mume wa mke wake, baba wa watoto wake, na mtu aliyekuwa na dini. Wewe soma huku ukimfikiria mzee wako mwenyewe.

Nyumba aliyozaliwa

Ukitoka Bunda kwenda Musoma kwa barabara kuu, utapita Kiabakari. Butiama iko upande wako wa kulia, upande wa mawio ya jua. Hapo Butiama kuna mahali panapoitwa Mwitongo. Pana majabali makubwa, na pimbi hukaa katika nyufa zake. Kambarage alizaliwa hapo tarehe 13 Aprili 1922.

Baba yake alikuwa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Jina la Nyerere lina maana ya viwavi, kwa sababu mtemi huyo alizaliwa wakati viwavi walipovamia nchi. Mama yake aliitwa Mugaya binti Nyang'ombe. Mtoto alipewa jina la Kambarage, ambalo ni jina la mzimu wa mvua. Unaona, ndugu msomaji, jinsi majina peke yake yanavyoweza kusimulia habari. Je, wewe unajua kwa nini baba yako aliitwa jina lake? Kama hujui, yuko nani leo kijijini anayejua?

Mtemi Burito alikuwa na wake 22. Mugaya alikuwa mke wa tano. Kila mke alikuwa na nyumba yake, na watoto walikua kwa mama zao. Kambarage alichunga mbuzi na kulima pamoja na mama yake. Kwa hiyo aliijua kazi ya mwanamke kwa kuiona kila siku. Baadaye, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo cha Makerere huko Uganda, aliandika insha juu ya hali ya wanawake katika kabila lake. Insha hiyo ilifuata fikra za mwandishi Mwingereza John Stuart Mill. Lakini mimi nadhani mwalimu wake wa kwanza katika jambo hilo alikuwa Mugaya, mwenye jembe mkononi.

Mchezo wa bao

Husimuliwa kwamba Kambarage alikuwa hodari wa kucheza bao. Siku moja Mtemi Makongoro wa Ikizu alifika Butiama kumtembelea Mtemi Burito. Ikizu leo imo katika Wilaya ya Bunda, upande wa Nyamuswa. Mtemi Makongoro alimwona mtoto huyu akicheza, akaona ana akili nyingi. Akamshauri baba yake ampeleke shule.

Mwaka 1934 Kambarage alipelekwa katika Shule ya Mwisenge, mjini Musoma. Alikuwa na umri wa miaka 12. Kutoka Butiama hadi Musoma ni kiasi cha kilomita 40, na siku hizo hapakuwa na basi la kupanda. Watoto wengi wa siku hizi wanaanza shule wakiwa na miaka sita au saba. Yeye alianza akiwa mkubwa, lakini masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa miaka mitatu. Mwaka 1937 akaenda Shule ya Serikali ya Tabora.

Nayasema haya kwa sababu ya wale wanaoona haya kukaa darasani wakiwa na mvi. Kuchelewa kuanza si kushindwa.

Alivyoingia katika dini

Kambarage hakuzaliwa katika nyumba ya Kikristo. Baba yake alifuata mila za wazee wake. Kambarage alianza kusikia mafundisho ya Ukristo alipokuwa mwanafunzi. Karibu na mji wa Musoma kuna misheni ya zamani ya Wakatoliki iitwayo Nyegina. Misheni hiyo ilianzishwa na mapadre walioitwa Mapadre Weupe. Kambarage na rafiki zake walikwenda huko kujifunza dini.

Lakini hakubatizwa upesi. Alimaliza Mwisenge bila ubatizo. Alimaliza Tabora bila ubatizo. Baba yake alifariki mwaka 1942. Kambarage alibatizwa mwezi Desemba mwaka 1943 huko Nyegina, akachukua jina la Julius. Alikuwa na umri wa miaka 21. Wakati mmoja alifikiri hata kuwa padre.

Tusimame hapa kidogo. Mwandishi asiyefikiri angeandika tu, "Alibatizwa mwaka 1943." Hilo ni sawa. Lakini tazama miaka iliyo kati ya kuanza kujifunza na kubatizwa. Ni miaka mingi. Mtu huyu hakurukia jambo. Na alipoliingia hakutoka tena mpaka kufa. Unapoandika habari za mzee wako, usiandike tu kwamba alikuwa mtu wa dini, awe Mkristo, awe Mwislamu, awe mwenye kufuata mila. Andika aliingiaje, nani alimfundisha, na ilimgharimu nini.

Imani hiyo ilibadilisha nyumba yake. Mtoto wa mtemi mwenye wake 22 alioa mke mmoja, akakaa naye mpaka kifo. Haya si maneno ya kuwalaumu wazee wa zamani. Nyumba yao ilikuwa na utaratibu wake na heshima yake. Tunasema tu kwamba yeye alichagua njia nyingine. Mama yake naye alibatizwa, akaitwa Christina.

Mume na mke

Julius alifundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Kisha mwaka 1949 alikwenda Uingereza, kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akarudi mwaka 1952 akiwa na shahada. Mwezi Januari 1953 alifunga ndoa ya kanisani mjini Musoma. Bibi harusi alikuwa Maria Waningu, binti wa Gabriel Magige, kutoka Baraki katika nchi ya Tarime. Maria naye alikuwa mwalimu. Alikuwa akifundisha katika shule ya Nyegina.

Kabla ya kuondoka Butiama, Julius alijenga nyumba kwa mikono yake mwenyewe. Fikiria mambo yalivyokuwa wakati huo. Huyu alikuwa na shahada kutoka Uingereza. Watu walitazamia kumwona amevaa suti na kuketi kitini. Wao walimwona ana udongo miguuni, anashughulika na matofali ya nyumba ya mke wake. Kama ningekuwa mtoto wa nyumba hiyo, ningeandika habari za matofali hayo kabla ya habari za shahada.

Kisha walihamia Pugu, karibu na Dar es Salaam. Julius alipata kazi ya kufundisha katika Shule ya Mtakatifu Francis. Alikuwa na mshahara mzuri kwa mtu mweusi wa wakati ule. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilianzishwa, naye akawa kiongozi wake. Mwezi Machi 1955 ilimbidi achague. Ama abaki mwalimu na kuacha siasa, ama aendelee na siasa na kuacha ualimu. Aliacha ualimu.

Katika vitabu, jambo hili linaandikwa kwa mstari mmoja. Hebu tulitazame kutoka jikoni. Mume ameacha kazi. Mshahara hakuna. Mtoto wa kwanza bado mdogo. Nyumba ya shule lazima irudishwe kwa wenyewe. Wewe uliye mke wa mtu, unajua usiku wa namna hiyo ulivyo.

Familia ilirudi Mara. Kwa miezi kadhaa ya mwaka 1955 Julius alifanya kazi na padre mmoja wa shirika la Maryknoll kutoka Marekani. Alimfundisha padre huyo Kizanaki, na akatafsiri mafundisho ya dini kwa lugha hiyo ya nyumbani kwao. Mtu ambaye miezi michache iliyopita alikuwa amezungumza New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, sasa alikuwa anatafuta neno la Kizanaki la kueleza sala. Sioni kwamba kazi ya pili ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza.

Waliporudi Dar es Salaam, Mama Maria alifungua duka dogo. Aliuza mafuta ya taa. Kwa chupa na vibaba hivyo nyumba ilipata chumvi na unga, wakati baba wa nyumba anazunguka nchi kutafuta Uhuru. Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Ukiandika habari za Uhuru, andika na duka la mafuta ya taa.

Watoto wanane

Mungu aliwajalia watoto wanane: Andrew, Anna, Magige, John, Makongoro, Madaraka, Rosemary na Pauleta. Tazama tena majina. Magige ni jina la upande wa mama. Makongoro ni jina la yule mtemi wa Ikizu aliyeshauri kijana apelekwe shule. Madaraka ni jina la siku zile nchi ilipokuwa inatafuta kujitawala.

Je, Julius alikuwa na nafasi ya kukaa na watoto wake? Tuseme kweli. Hakuwa nayo nyingi. Alikuwa Waziri Mkuu, kisha Rais mpaka mwaka 1985. Nchi nzima ilimwita baba, na nchi ina watoto wengi. Mzigo wa kulea, kuuguza na kufuatilia shule uliangukia kwa Mama Maria. Kumsifu mume bila kutaja mzigo huo ni kusoma ukurasa mmoja na kuruka wa pili.

Hata hivyo, yapo mambo aliyowafundisha watoto kwa macho. Alijenga nyumba Msasani kwa mkopo wa benki, akakaa huko na jamaa yake. Mwaka 1966 alijipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20, na viongozi wengine wakapunguziwa. Mwaka 1967, Azimio la Arusha lilipokataza viongozi kuwa na biashara zao za faida, Mama Maria aliacha mradi wake wa kuku. Nadhani hilo lilimuuma. Kuku ni jasho la mtu. Lakini sheria ambayo mume anawawekea wengine haiwezi kuishia mlangoni kwake.

Alfajiri alikwenda Misa. Hakufanya hivyo siku ya Jumapili tu. Alipokuwa Dar es Salaam alisali katika Kanisa la Mtakatifu Petro, Oysterbay, kati ya watu wengine. Lakini dini yake hakuifanya dini ya serikali. Wenzake wengi wa kwanza katika TANU walikuwa Waislamu wa Dar es Salaam, nao walimpokea kama ndugu yao. Na kanisa lake mwenyewe hakulibembeleza. Mwezi Oktoba 1970 alizungumza na masista wa Maryknoll huko New York. Aliwaambia kwamba Kanisa lisiposimama pamoja na maskini katika kudai haki, litahesabiwa upande wa wanaowakandamiza.

Mwaka 1995 nyumba yake ilipata mtihani wa namna nyingine. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa Rais na Wabunge katika mfumo wa vyama vingi tangu vyama hivyo viruhusiwe tena mwaka 1992. Mwalimu alizunguka nchi kumwombea kura mgombea wa CCM, Benjamin Mkapa. Mwaka huo huo mwanawe Makongoro aligombea ubunge Arusha kwa chama cha upinzani, NCCR-Mageuzi, akashinda. Baba huku, mwana kule. Katika nyumba nyingi nilizoziona, jambo kama hilo linatosha kumfukuza mtoto. Makongoro alibaki mtoto wa nyumba.

Yasiyopendeza

Hapa nataka kusema jambo ambalo wasomaji wengine hawatalipenda. Katika wasifu wa msibani tuna desturi ya kuficha. Marehemu wote hawakugombana na mtu. Marehemu wote walikuwa wakarimu. Mtu akisikiliza anajiuliza, basi wabaya wanazikwa wapi?

Mwalimu naye alikuwa na makosa. Wazee wengi wa Mara wanakumbuka Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976. Watu walihamishwa kwenda katika vijiji, wengine kwa nguvu. Wako walioacha mihogo shambani na makaburi ya wazee wao. Wako walioona nyumba zao zinabomolewa. Lengo lilikuwa shule, maji na zahanati karibu na watu, na vijiji vingi vilipata. Lakini mtu aliyelala nje na watoto usiku wa mvua anayo haki ya kuukumbuka usiku huo. Mwalimu mwenyewe, alipozeeka, alikiri hadharani kwamba serikali yake ilifanya makosa.

Unaweza kumpenda mtu na kuandika haya. Mimi baba yangu alikuwa na hasira ya upesi. Kwenye ile nusu ukurasa sikuiandika. Sasa naona kwamba kama ningeiandika, ningepata pia nafasi ya kuandika jinsi alivyokuwa akirudi baada ya saa moja, anakaa karibu nawe, anakupa muwa, bila kusema neno.

Kurudi nyumbani

Mwezi Novemba 1985 Mwalimu aliacha Urais kwa hiari yake, akamkabidhi Ali Hassan Mwinyi. Alibaki mwenyekiti wa chama mpaka mwaka 1990. Makao yake yakawa Butiama. Alilima. Watu wa Butiama walimwona shambani na jembe, kama mzee mwingine yeyote. Alicheza bao na wazee wenzake nje ya nyumba, mchezo ule ule uliompeleka shule. Alfajiri alitembea kwa miguu kwenda kanisani.

Na aliandika. Zamani alikuwa ametafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Ya kwanza, Juliasi Kaizari, ilitoka mwaka 1963. Ya pili, Mabepari wa Venisi, ilitoka mwaka 1969. Katika uzee wake alichukua kazi ngumu zaidi. Alizigeuza Injili zote nne, za Mathayo, Marko, Luka na Yohana, pamoja na Matendo ya Mitume, kuwa tenzi za Kiswahili. Utenzi ni shairi refu lenye kusimulia habari. Kila ubeti una mizani yake na vina vyake, kwa hiyo huwezi kuweka neno lolote unalotaka. Vitabu hivyo vilichapwa mwaka 1996 na watawa wa Ndanda na Peramiho.

Fikiria mzee wa miaka 70 na zaidi, anakaa mezani asubuhi baada ya asubuhi, anahesabu mizani kwa vidole. Hakuna aliyemlipa. Hakuna kura aliyokuwa anaitafuta. Ukitaka kujua mtu anapenda nini, tazama anachofanya wakati hakuna anayemlazimisha.

Mwaka 1997 mama yake, Mugaya, alifariki. Mtoto alikuwa na umri wa miaka 75. Wachache wetu tunapewa bahati ya kuwa na mama miaka 75.

Mwaka uliofuata Mwalimu aligundulika kuwa na saratani ya damu. Mwezi Septemba 1999 alipelekwa kutibiwa katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas, London. Alifariki huko tarehe 14 Oktoba 1999. Rais Mkapa alilitangazia taifa. Mimi nilikuwa mtoto. Nakumbuka redio ya jirani, na watu wazima wamesimama kuizunguka bila mtu kuongea. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona baba yangu analia.

Mwili uliletwa Dar es Salaam, na watu wengi sana walijipanga kuuaga. Kisha ukaletwa kwetu Mara. Alizikwa Mwitongo tarehe 23 Oktoba 1999, pale pale alipozaliwa, karibu na makaburi ya baba yake na mama yake. Jeshi lilikuwa limemjengea nyumba mpya huko Butiama. Hakuifaidi kwa muda mrefu. Ndoa yake na Mama Maria ilikuwa imedumu miaka 46.

Mwaka 2005 Kanisa Katoliki lilianza kuyachunguza maisha yake, kwa kazi iliyoanzia katika Jimbo la Musoma. Tangu hapo waumini wa kanisa hilo humwita Mtumishi wa Mungu. Uchunguzi wa namna hiyo huchukua miaka mingi. Watu huulizwa maswali, na barua za zamani hukusanywa. Wachunguzi hawaulizi tu juu ya hotuba zake. Wanauliza alivyosali, alivyokula, alivyowatendea watu waliomtumikia. Ni maswali yale yale ya shangazi yangu.

Kazi ya kufanya

Chukua daftari lako. Mfikirie baba yako, au babu, au mjomba aliyekulea. Kama yu hai, nenda kwake jioni akiwa amepumzika. Kama amefariki, mtafute dada yake, rafiki yake, au mtu aliyechunga naye. Usianze na mwaka wa kuzaliwa. Uliza kwanza: Alikuwa akifanya nini akiamka? Aliimba wimbo gani akiwa kazini? Alipokosa chakula alifanya nini? Nani alimkosea, na alimsamehe kwa njia gani? Aliposali alisema nini? Mambo hayo yaandike kama unavyoyasikia, hata kama mwandiko si mzuri. Kama mzee anasimulia kwa Kizanaki, Kikurya, Kijita au Kijaluo, andika kwa lugha hiyo. Miaka na tarehe tutazipanga pamoja darasani.

Leta walau mistari kumi wiki ijayo. Kila mmoja atasoma yake kwa sauti. Mwenye mzee asiyeona vizuri aje naye, tutamwekea kiti mbele.

Maswali

1. Nani alishauri Kambarage apelekwe shule, na alitoka wapi?

2. Kwa nini duka la mafuta ya taa lina mahali katika habari hizi?

3. Jina lako lina maana gani? Nani alikupa? Kama hujui, nenda ukaulize leo kabla hujalala.